Herufi Sita kwenye Chumba cha Msafara

Mtani wangu aliporudi Tabora kutoka Dar es Salaam alikuja na masanduku matatu ya makufuli. Sifanyi mzaha, makufuli matupu: ya funguo, ya namba, ya herufi, na mengine ya sumaku ambayo hata tundu hayana. Huko Dar alikuwa amefanya kazi miaka minne kwenye nyumba ambayo watu wanaingia kwa hiari yao, wanafungiwa chumbani kikundi kizima, halafu wanahangaika kufumbua mafumbo mpaka wapate njia ya kutoka, huku saa ya ukutani ikiwahesabia dakika sitini. Nikamwambia, "Yaani watu wazima na akili zao wanakubali kufungiwa? Huku kwetu anayefungiwa ni mwizi na kuku." Akacheka mpaka akakaa chini. Akasema subiri, utaona.

Namwita mtani kwa sababu ndivyo nyumba yetu yote ilivyomwita. Yeye Mgogo, mimi Mnyamwezi, na utani wetu ni wa tangu enzi wapagazi wetu wanapita kwao na mizigo kichwani wakidaiwa hongo ndipo waruhusiwe kunywa maji. Baba yake aliletwa Tabora na kazi ya reli, wakapanga Cheyo nyumba ya tatu kutoka kwetu, tukakua pamoja. Akija kwetu kuomba chumvi mama anamwuliza, "Hongo umeleta?" Naye anajibu, "Nyie wabeba mizigo, tueni kwanza ndiyo tuongee." Hakuna aliyenuna. Mtani hakasirikiwi, ndivyo tulivyofundishwa.

Baba yangu alipofariki, mtani alivaa koti la marehemu, akashika fimbo yake, akatembea mbele ya waombolezaji kwa ule mwendo wa baba wa kuvuta mguu wa kushoto. Kisha akajilaza njiani kabisa, jeneza lisipite mpaka apewe kitu. Mama yangu, ambaye alikuwa hajala siku mbili, alicheka. Alicheka huku analia, akatoa kanga yake begani akamtupia. Tangu siku hiyo mama alikuwa akisema ana mabinti wawili. Nasema haya mapema ili ajue kila mtu kwamba huyu hakuwa mtu baki.

Sasa niseme jambo lenyewe. Bibi yake bibi yangu hakuzaliwa Unyamwezi. Aliletwa Tabora na msafara akiwa mtoto wa miaka saba hivi, kutoka ng'ambo ya ziwa, akiwa ameshikwa pamoja na mama yake. Mama yake aliugua njiani, wakamwacha huko huko porini kabla ya kufika mto Malagarasi. Walipokuwa wanatenganishwa alimwambia mtoto, kila jioni utaje jina lako mara moja, usije ukalisahau. Walipofika Tabora mtoto akaingizwa kwenye nyumba ya watu wakubwa, akapewa jina jingine, na jina la kwao akakatazwa. Basi akawa analisema ndani ya chungu. Kila jioni kabla ya kuinjika anainama, anaweka mdomo kwenye chungu kitupu, anataja jina lake mara moja, anafunika.

Katika ukoo wetu jina hilo linapita kwa wanawake tu. Binti wa kwanza akijifungua mtoto wa kike, mama yake anakuja na chungu, anataja jina ndani yake, anamwinamishia kichanga sikio, na mzazi naye anasikia. Ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho. Halitajwi tena, haliandikwi, wanaume hawaambiwi. Si kwa sababu ya uchawi, msije mkafika mbali. Ni kwa sababu hapa mjini kwetu mpaka leo kuna watu wanaulizana kwa chini chini nani babu zake walikuja wakiwa mbele ya mzigo na nani walikuja chini ya mzigo, yaani watumwa, na posa zimevunjika kwa ajili hiyo. Na ni kwa sababu ndicho kitu pekee yule mtoto alichofika nacho ambacho hakuna mtu aliyekichukua.

Mimi nilipojifungua binti yangu, mama alikuja wodini na chungu kidogo amekiviringisha kwenye kanga. Akafanya alivyofanya. Akaniambia, "Sasa tuko watatu tunaolijua, na mmoja hajui kama anajua." Akaondoka kwenda kuniletea nguo. Jioni mtani akaja na chupa ya uji wa ulezi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimechoka, nimefurahi, nataka kumpa kila mtu kitu, na sina kitu. Nikamwambia yote: msafara, mto, chungu. Nikamtajia na jina. Akalia. Akaapa, "Mungu shahidi, nikilitoa nife." Nililitunza kwa saa tano.

Miaka kumi na sita ikapita, na sikuwahi kumwambia mama.

Basi mtani akapanga ghala la zamani la tumbaku kule Mtendeni, akalipaka, akaweka kamera na spika, akaandika mlangoni CHUMBA CHA MSAFARA. Mji mzima ukawa unazungumzia. Wiki moja kabla ya kufungua rasmi akaja nyumbani, akampigia mama magoti kabisa. "Shikamoo mama."

"Marahaba mtani. Umekuja kulipa hongo?"

"Nimekuja kukuomba ukanifungulie biashara. Nataka nyie muwe wageni wangu wa heshima. Nimewatengenezea kitu." Alivyosema hivyo akaniangalia, akakonyeza. Mimi mjinga nikakonyeza pia.

Tukaenda wanne, Jumamosi asubuhi: mama na vitenge vyake vya kwaya, mdogo wangu wa kiume ambaye ni mwalimu wa hesabu na anajifanya anajua kila kitu, binti yangu wa miaka kumi na sita, na mimi. Mtani akatuvisha migolole mabegani, akatwambia sisi ni wapagazi tuliofungiwa na tajiri wa msafara, na tukishindwa kutoka ndani ya saa moja msafara unaondoka bila sisi. Mama akasema, "Afadhali uondoke, magoti yananiuma." Tukacheka wote. Mlango ukafungwa.

Na niseme kweli, chumba kilikuwa kizuri. Amejua kukitengeneza. Ukutani ramani ya njia ya zamani kutoka pwani mpaka Ujiji, kwenye kona mizigo ya magunia imefungwa kwa kamba za katani, mizani, vibuyu, ngoma. Mdogo wangu akarukia mizani, akapanga mizigo kwa uzito, kisanduku cha kwanza kikafunguka. Ndani mna kipande cha kaniki kimeandikwa herufi moja kwa chokaa. Binti yangu akapanga vituo vya safari kwenye ramani, akakosea Mpwapwa, bibi yake akamrekebisha, kisanduku cha pili kikafunguka. Herufi nyingine. Mama alikuwa anafurahi, jamani. Alikuwa ameketi juu ya gunia anatoa amri: "Wewe angalia chini ya ngoma! Mwalimu mzima huoni?" Na kweli, herufi ya tatu ilikuwa chini ya ngoma.

Kisha spika ikawaka. Sauti ya mtani, ile sauti yake ya kusomea masomo kanisani. "Katika msafara huu alikuwemo mtoto wa kike wa miaka saba, kutoka ng'ambo ya ziwa. Mama yake aliachwa kabla ya mto. Mtoto akapewa jina jingine. Lakini kila jioni jina lake la kweli alilisema mahali ambapo hakuna aliyeweza kumsikia. Tafuteni alikolisema. Tafuteni jina. Jina hilo ndilo litakalowafungulia mlango."

Nikajiambia, tulia, hadithi za namna hii Tabora ziko nyingi, kila nyumba ya pili ina yake. Sikuthubutu kumtazama mama. Nikatazama mlango, na kwenye mlango kulikuwa na kufuli la herufi, lile la magurudumu. Nikahesabu magurudumu. Sita.

Binti yangu akapiga kelele, "Chungu! Kuna chungu huku!" Kilikuwa nyuma ya mizigo, kimefunikwa. Akafunua, akaingiza mkono, akatoa kipande kingine cha kaniki. "Bibi, alikuwa anasema jina kwenye chungu! Si ni akili hiyo?"

Mama alikuwa anakitazama chungu. Sauti yake ilikuwa imezima tangu spika ilipowaka.

Mdogo wangu ndiye aliyeniua. Hajui lolote, mwanamume wa watu, kwa hiyo alikuwa na furaha tupu. Akatandika vipande vya kaniki sakafuni, akaanza kuvipanga na kuvipangua, akisoma kwa sauti. "Nne tayari, bado mbili! Linaweza kuanza na hii... au hii..." Anajaribu silabi, anazitamka, moja inakosea, moja inakaribia, moja inakaribia zaidi. Jina ambalo halijapata kuandikwa tangu dunia iumbwe lilikuwa linaandikwa miguuni pangu kwa chokaa, na mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kuliona. Nililitambua jinsi unavyomtambua ndugu.

Ya tano binti yangu akaipata ndani ya kibuyu. Ya sita niliiona mimi. Ilikuwa imebanwa kwenye kamba ya gunia, karibu na mkono wangu. Sikufikiri. Nikaichomoa nikaikalia.

Zilikuwa zimebaki dakika kumi na moja. Wakatafuta. Mdogo wangu akapindua ngoma, akapekua magunia, akalalamika kwamba mtani ametudanganya, herufi hazitoshi. Mtani akasema kwenye spika, "Iko humo humo, wapagazi, msichoke!" na alikuwa anacheka. Mimi nikasema, "Tuache tu, muda umekwisha, mchezo wenyewe wa kitoto." Nilidhani nazuia. Nilikuwa nahesabu dakika, nikiomba ziishe, mlango ufunguliwe kwa nje, tutoke, na mama abaki na wasiwasi tu bila uhakika. Kwa wasiwasi ningejua namna ya kuishi nao.

"Mama," binti yangu akasema, "umekalia nini?"

"Sijakalia kitu."

"Umekalia kitambaa, nimeona kaniki. Mama! Unatuharibia!"

Hapo nikainua macho, na mama alikuwa ananitazama. Hakuwa na hasira. Ningepata hasira ningeshukuru. Alikuwa ananitazama kama mtu anayesoma barua, taratibu, mpaka mwisho. Mpaka dakika ile angeweza kusema ni bahati mbaya, ni hadithi imefanana. Lakini mtu asiyejua kosa lake haikalii herufi.

"Mwache mama yako," akasema.

Akasimama, akashika magoti, akajikokota mpaka mlangoni. Akatandaza mgolole wake, akaliziba kufuli ili watoto wasione, akaanza kuzungusha magurudumu. Moja. La pili. Nilisikia kila gurudumu. Kufuli likalia, likafunguka. Kabla hajalitoa akayavuruga magurudumu yote kwa kiganja.

Mdogo wangu akashangilia. "Mama mwenyewe! Umejuaje na herufi moja haipo?"

"Nimebahatisha," mama akasema.

Nje mtani alikuwa ametandika meza ya soda na karanga, na ana simu mkononi atupige picha. "Dakika nane zimebaki! Hakuna aliyewahi! Wiki jana niliwajaribisha wanachuo wanane, saa nzima ikaisha ndiyo wanalipata!" Nikahesabu. Wanachuo wanane. Wanane wamelitamka jina hilo midomoni mwao, wakashangilia, wakaenda kula chipsi.

Mama akamshika mkono. "Umetengeneza vizuri, mtani," akasema. Akamwambia binti yangu wakaite bajaji. Soda hakuigusa.

Mimi nikabaki. Nikamvuta mtani ndani ya lile ghala lake, nikamwambia maneno ambayo hayaandikiki. Yeye alisimama ananishangaa. Kwa kweli kabisa alikuwa anashangaa, na hilo ndilo lililonichoma kuliko yote.

"Mimi nilitaka mama afurahi," akasema. "Historia yenu watu waiheshimu. Sijataja ukoo, sijataja nyumba. Kijiji nimebadilisha."

"Na jina?"

"Jina lingebadilishwaje? Ndilo lililokaa vizuri, herufi sita. Kufuli lilikuwa la sita."

"Uliapa."

"Miaka kumi na sita! Nilidhani limeshapoa. Halafu mimi mtani wako. Nilivaa koti la baba yako akiwa hajazikwa, mkacheka. Mtani haibi, anachukua. Leo umeanza kununa?"

Yeye alichukua mbele za watu, lakini mimi ndiye niliyempa kwa siri. Kikulacho ki nguoni mwako, ndiyo, lakini nguo nilimvisha mwenyewe. Nikamwambia alitoe. Akasema mbona rahisi tu. Akavuta kiti, akalifungua lile kufuli kwa nyuma, akaweka neno jingine, akafuta chokaa kwenye vitambaa kwa kitambaa chenye maji. Hakutumia hata robo saa. Nilitoka bila kumuaga, na mpaka leo tukipishana sokoni mimi ndiye ninayebadilisha njia. Watu wanasema nimevunja utani, nina roho mbaya. Waseme.

Jioni ile mama alikuwa anachambua mchicha barazani. Nikapiga magoti, nikaanza kulia, kueleza, uji wa ulezi, uchovu, ujana. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Ulimwambia lini?"

"Siku ile ile."

"Siku ile ile," akasema. Akarudia tena, kwa sauti ndogo, mara ya pili. Kisha akaniambia nimletee sufuria.

Nilitegemea kipigo cha maneno. Wiki ikaisha, mwezi ukaisha, hakikuja. Alikuwa ananisalimia, anacheka na mimi, ananituma dukani. Nikaanza kuamini ameniacha, yaani amesamehe. Mwezi wa sita akaniaga kwamba anakwenda Kaliua kwa mdogo wake, amemkumbuka. Nikampeleka stesheni mimi mwenyewe na begi lake, nikamwekea na mandazi. Alikaa huko wiki tatu na siku kadhaa. Nikipiga simu ananiambia karanga zimekubali mwaka huu.

Alirudi Jumanne. Jumatano nikakutana na mama mmoja wa kwaya, akanishika mikono yote miwili akaniambia poleni sana, na tumshukuru Mungu upasuaji umekwenda vizuri. Upasuaji gani? Yule mama akaniachia mikono. Nikaona usoni mwake anatafuta pa kukimbilia.

Nikaenda nyumbani mbio. Mama alikuwa amelala kitandani na bandeji chini ya blauzi. Uvimbe kwenye titi. Hakwenda Kaliua kwa mdogo wake, mdogo wake alikuja kumpokea njiani wakaenda wote hospitali. Kaka yangu, nasema kaka kwa hasira tu, yule mdogo wangu, alijua. Mke wake alijua. Kwaya nzima ya akina mama ilijua na ilifunga siku tatu kumwombea. Na aliyempangia nguo za hospitali, aliyeficha vipimo chini ya godoro nisivione, alikuwa binti yangu.

"Kwa nini yeye? Mtoto yule!" nikamwuliza mama. Nilikuwa nalia na nimekasirika kwa pamoja. "Kwa nini si mimi?"

Mama hakufungua macho. "Nilimwambia Jumapili kabla sijaondoka. Nikamwambia asikwambie wewe. Leo ni wiki ya tano, na mnalala chumba kimoja."

Nikatoka. Binti yangu alikuwa uani anafua mashuka ya bibi yake. Amekuwa mrefu, sijui lini. Nilisimama nikamtazama mgongo, nikamwona anavyokung'uta shuka, anavyolitundika, anavyorudi kwenye beseni bila haraka. Katika ukoo wetu wanangoja binti ajifungue. Nikajiuliza mama angengoja nini tena, na titi lile, na mtu wa katikati kama mimi.

"Bibi amekuambia kitu kingine?" nikamwuliza.

Akageuka. Povu mikononi. Akaniangalia vizuri, kwa adabu, bila kupepesa.

"Kama kitu gani, mama?"

Nilijua hapo hapo kwamba ameshapewa jina, na kwamba mimi ndiye mtu wa kwanza ambaye amekatazwa kumwambia. Nikachukua shuka lililobaki, nikamsaidia kukamua.